Pahali pa Kuvuta Pumzi

Siku hiyo wanawake wa depo ya kahawa walinyamaza wote pamoja, kwa sababu kapita Julien, msimamizi wao, alikuwa ameingia, lakini wimbo haukunyamaza nao. Sauti moja iliendelea kuitikia, nyembamba, ya chini, kama ya mtu aliyechelewa kuona kwamba wenzake wamekoma. Ilimaliza mstari wake, ndipo ikatulia. Wanawake wakatazamana juu ya nyungo zao, kila mmoja akidhani ni jirani yake.

"Nani huyo anaimba kama njaa imemushika?" kapita aliuliza. "Mumupe kahawa moja atafune."

Wakacheka. Émérance Mukagasana peke yake hakucheka. Sauti ile aliisikia nyuma ya sikio lake, pale mgongoni alipolala binti yake, na binti huyo alikuwa hajaota hata jino moja.

Émérance alikuwa mzaliwa wa milima ya Masisi, ambako wazazi wake walichunga ng'ombe. Aliolewa na Hitimana, mpakizi wa kamyo, lori lililobeba kahawa na maharagwe kati ya Goma, Sake na Rutshuru, wakakaa Murara katika nyumba ya mabanzi. Mtoto wao wa kwanza Émérance alimzika kabla hajapewa jina. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe, kwa maana hakujua amlilie kwa kuita nini. Kwa hiyo yule wa pili alipopata jina, Émérance alilitamka kutwa: akimwogesha, akimfunga mgongoni, akipita naye sokoni Birere. Hitimana alimtania kwamba atalichakaza kabla mwenye jina hajakua.

Pale depo wanawake walitoka kila upande. Kulikuwa na Wahunde wa Sake, Wanande wa Lubero, Washi wa ng'ambo ya ziwa, na Wanyarwanda wa Rutshuru na Masisi. Walisikilizana kwa Kiswahili cha sokoni, na mtu alipotaka kusema jambo la moyoni aliishiwa maneno. Lakini walikuwa wakichambua kahawa wakiimba, na katika kuimba hakuna aliyekuwa mgeni.

Wimbo walioupenda kuliko zote uliletwa na Mama Kahindo, mzee wa Kihunde. Yeye aliuimba mdomo ukiwa umefungwa, bila maneno. Na katikati ya wimbo, kila mara mahali palepale, alinyamaza kiasi cha pumzi moja, halafu akaendelea. Wengine waliuokota. Washi wakatia maneno ya kuvuka ziwa, Wanande wakatia maneno ya mavuno, na wote wakakiacha kile kimya kama kilivyokuwa, wakidhani ni pahali pa kuvuta pumzi.

Kisha miguu ya Mama Kahindo ikavimba, akabaki nyumbani wakati wote wa kiangazi. Ni katika kiangazi hicho Émérance alipoanza kuuimba kwa kumbembeleza binti yake. Kwao wimbo wa kubembeleza usiokuwa na jina la mtoto ndani yake si wimbo wa kubembeleza. Ni kelele tu. Mama yake alikuwa amelitia jina lake yeye katika wimbo wake, na bibi yake vilevile. Basi alipofika pale palipokuwa kimya, aliona kwamba ukubwa wake ulilingana na jina la binti yake sawasawa, kama kifuniko na chungu chake. Akalitia.

Wimbo ukapendeza hata kapita akasimama kusikiliza. Wanawake wakaushika vile ulivyokuwa sasa, na jina ndani yake. Katika vinywa vya Washi na Wanande halikuwa jina tena, lilikuwa neno tamu tu. Hitimana aliubeba kwenye kamyo. Wauza chumvi wa Birere waliuimba, wavuvi wakauimba, na kabla mvua hazijarudi ulikuwa umefika Rutshuru, na huko watu waliuliza umetoka wapi.

Baada ya siku ile sauti ilipoendelea peke yake mbele ya kapita, Émérance alianza kusikia harufu. Ilikuwa ya mawe yaliyoungua yakinyeshewa mvua, na ilitoka kwenye nywele za mtoto. Alimwosha kwa sabuni, ikarudi. Mchana mmoja wa mvua alimlaza kitandani akatoka kuanua nguo, na aliporudi alikuta mkeka ulio kando ya mtoto una joto, umebonyea kama mtu mzima alikuwa amelala hapo ubavu, na sakafu ya udongo kutoka mlangoni hadi kitandani ilikuwa na alama za majivu, vidole tu bila kisigino, nyayo za mtu anayetembea kwa vidole kwa sababu visigino vinamuuma.

Alizifagia. Hakumwambia Hitimana, akiogopa kwamba kulisema jambo ni kulikaribisha.

Lakini tangu hapo mtoto alikataa titi. Hakulia njaa. Aligeuza uso kama mtu aliyekwisha kula kwa jirani, na Émérance alipombembeleza na kumbana na kumpanulia midomo kwa kidole ili ampe kwa nguvu, aliona pembeni mwa mdomo wake maziwa yanachuruzika, na maziwa hayo yalikuwa ya kijivu.

Jioni hiyo alimwambia mume wake. Hitimana alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Wakampeleka mtoto misheni; padiri akamwombea na kumnyunyizia maji, na maji yakakauka usoni pake kama yanavyokauka kwenye jiwe la jikoni. Wakampeleka kwa mufumu, mganga wa njia ya Rutshuru. Huyo alimnusa mtoto utosini, akarudisha kuku aliyeletewa. Alisema yeye hufukuza vitu vilivyoingia kwa mlango, na hiki kimeingia kwa kinywa. Wauza chumvi Waislamu walisema ni jini. Watu wa Murara walisema ni muzimu uliotoka Nyiragongo, mlima wa moto, wanakokaa wafu wasiotulia. Jina la kitu hicho halikumsaidia mtu.

Mvua zilipokolea, Mama Kahindo alirudi depo akitembelea fimbo. Wanawake walikuwa katikati ya wimbo. Alisimama mlangoni akitabasamu, akisubiri kile kimya chake, na palipofika pahali pake, jina la mtoto likatoka katika vinywa vyote pamoja. Fimbo ilimponyoka.

Aliuliza polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu, "Nani aliziba pale?"

"Ni mimi, mama," Émérance alisema. "Niliona pako wazi."

"Hapakuwa wazi, mwanangu. Palikuwa na mutu."

Akamvuta nyuma ya magunia, akamweleza. Mwaka ule moto uliposhuka mlimani mpaka ziwani, mwanamke mmoja wa kijiji chao alikuwa amekwenda kuteka maji, akamwacha mtoto amelala. Aliporudi, nyumba ilikuwa jiwe. Akapanda juu ya jiwe hilo likingali la moto, akazunguka akiimba wimbo aliozoea kumlaza nao, na kila alipofika penye jina la mtoto hakulikumbuka. Uchungu ulikuwa umelifuta. Wimbo wote ulibaki, jina likatoka. Alikufa hivyo, nyayo zimeungua, na hata baada ya kufa hakuacha kuzunguka. Waliosalia walijifunza kumwimbia. Akiusikia wimbo wake husimama, hutega sikio pale penye kimya, na asiposikia jina hupita zake.

"Tunamuimbia ili apite," Mama Kahindo alisema. "Sasa wewe umemupa jina."

"Nitaacha kuimba."

"Wewe utaacha. Na Goma?"

Émérance alizunguka Birere siku hiyo akiwasihi watu. Baadhi walimcheka. Mwenye duka la nguo alimwambia wimbo hauna mwenyewe. Wengine walikubali kwa huruma, na alipogeuza mgongo tu aliwasikia wanaunung'unika bila kujijua, mikono kazini. Hata Hitimana, aliyekuwa amekaa jioni akifunga kamba ya kiatu huku machozi yanamtoka, alikuwa akiupiga mluzi.

"Papa," Émérance alimwambia mume wake kwa sauti ndogo. Hitimana akajiziba mdomo kwa kiganja.

Ilibaki njia moja, na Mama Kahindo hakuficha kwamba hakuwahi kuijaribu. Waende kwenye jiwe lenyewe, juu ya Sake, na aliyepaziba ndiye apazibue: auimbe wimbo wote, na afikapo penye jina, anyamaze. Mwanamke yule akisikia kimya kama zamani, huenda atasahau.

Walipanda kamyo asubuhi, ukungu ukingali ziwani. Mtoto alikuwa mwepesi mgongoni, na macho yake, ambayo zamani yalimfuata mama yake kila aendako, yalikuwa yanafuata kitu kingine, kilicho nyuma kidogo, kinachokwenda mwendo uleule wa gari. Kila kijiji walichopita watoto walikimbia kando ya barabara kuipokea kamyo ya Hitimana, kwa maana walimpenda, na walimpokea kwa wimbo aliowafundisha mwenyewe, wakipiga makofi, na jina la binti yake likaruka kutoka kijiji hadi kijiji mbele yao hata Émérance akaona kwamba watafika Sake na jina limekwisha kutangulia kufika. Hitimana alikuwa ameinama, hakuwapungia mkono.

Waliacha gari wakapanda kwa miguu. Mawe yalikuwa meusi, makali, yamejikunja kama matumbo ya ng'ombe, na ingawa moto ulikwisha pita zamani, harufu ilikuwa ileile ya nywele za mtoto. Hapakuwa na ndege. Mama Kahindo aliwaonyesha pa kusimama, akarudi nyuma, akamshika Hitimana mkono asisogee.

Émérance akaimba. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, kisha ikanyooka, kwa sababu ulikuwa wimbo wake pia, alimlaza binti yake nao, na alipokuwa akiimba alikumbuka kila kitu, jinsi utosi wake ulivyokuwa ukidundadunda, jinsi alivyoshika kidole na kukataa kukiachia, na alikumbuka hata yule wa kwanza asiyekuwa na jina, na vitu hivyo vyote vilikuja ndani ya sauti vikamjaa kinywani na kumsukuma, ndipo akafika pahali penyewe, akafunga midomo, akauma ulimi kwa meno ili jina lisitoke, akanyamaza.

Na katika kimya hicho, kutoka chini ya mawe, sauti ya mwanamke ikaliita jina la mtoto. Ililiita taratibu, bila kukosea, kama mama anayemwita wake aingie ndani kwa sababu chakula kimeiva.

Kwao Émérance mtoto akiitwa na mama yake hafundishwi kusema "naam" wala "ndiyo". Hufundishwa kuitika "karame", maana yake uishi sana. Hufundishwa hivyo akishajua kusema. Binti yake hakuwa amefika hapo, hakuwahi kusema hata "ma". Lakini nyuma ya sikio lake Émérance alisikia ile sauti nyembamba aliyoisikia depo, tena sasa iko karibu na yenye furaha.

"Karame."

Uzito wa mgongoni ukabadilika. Hakuhitaji kumfungua kujua. Hitimana ndiye aliyemfungua, akamfunika kwa koti lake, na njia nzima ya kurudi waliwapita watoto walewale wakiimba, na katikati ya wimbo, mahali palepale, watoto walinyamaza kiasi cha pumzi moja, halafu wakaendelea. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Walimzika Murara. Hitimana alikwenda kwa seremala kuandikisha msalaba. Seremala akachovya brashi, akauliza jina. Hitimana alifungua kinywa, akasimama hivyo, mpaka rangi ikadondoka chini. Alirudi nyumbani mbio kumwuliza mke wake, akamkuta ameketi kitandani amelishika shati dogo la mtoto, midomo inacheza, anatafuta. Waliwauliza majirani. Walimwuliza padiri aliyembatiza. Alikumbuka mshumaa, alikumbuka kwamba mtoto hakulia maji yalipommwagikia, jina hapana. Msalaba ukasimama mtupu. Ndiyo maana tangu hadithi hii ilipoanza hamkulisikia jina la mtoto huyo, wala hamtalisikia kwa mtu yeyote.

Mama Kahindo alikufa mvua zilizofuata. Émérance alirudi depo, akakaa pahali pake. Hakupata mtoto mwingine. Nywele zilianza kumbadilika rangi angali kijana, na aliimba mdomo ukiwa umefungwa, bila maneno. Harufu ya mawe haikumjia tena, wala nyayo. Aliyekuwa akitafuta alikwisha pata. Sasa anayetafuta alikuwa yeye.

Siku moja kapita alimleta msichana wa Rutshuru, Philomène, mwenye mtoto mchanga mgongoni na sauti nzuri sana. Alijifunza wimbo kabla jua halijawa la utosi. Akauliza kwa heshima, mikono haiachi kahawa:

"Mama Émérance, hapa katikati mbona munanyamaza? Wimbo unakatika."

"Ni pahali pa kuvuta pumzi."

"Mimi niko na neno lenye kuenea hapo vizuri," Philomène alisema, akamtikisa kidogo mtoto wake, akitabasamu.

Émérance alilijua jibu. Alikuwa nalo kwenye ulimi kama lilivyotoka kwa Mama Kahindo, maneno machache tu, kwamba pale pana mtu. Alivuta pumzi alitamke. Lakini akafikiri kwamba maneno yote ya dunia yamo katika vinywa vya watu, na kwamba huenda neno msichana huyu atakalolitupa pale, kwa bahati, bila kujua, likawa jina la binti yake.

Philomène akaanza kuimba. Mtoto mgongoni mwake akafungua macho.

Émérance akaweka ungo chini, akasogeza sikio.