Mguu Si Miguu

Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa tulivu. Chai ilikuwa mezani, na Bwana Yaleyale, karani wa kumbukumbu hospitalini, alikuwa akifunga tai mbele ya kioo. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa kwake wagonjwa wote waliugua yaleyale. Daktari akiandika uvimbe wa mguu, yeye hubonyeza msimbo wa ugonjwa ulio juu kabisa kwenye kompyuta: miguu kuvimba. Wa kulia, wa kushoto, yote miwili, kwake ni mamoja. Uvivu huo, ndugu zangu, aliuita uzoefu.

Mkewe akatoka chumbani amemshika mama yake mkono. "Mama hakulala. Mguu wa kushoto umevimba, unamchoma huku nyuma. Nampeleka hospitalini kwenu."

"Miguu ya wazee huvimba, mke wangu."

"Nimesema mguu!"

"Usinifundishe Kiswahili, wala kazi yangu."

Daktari alimpima bibi yule akaandika vizuri: mguu mmoja, huenda damu imeganda, apigwe picha leo. Jalada likafika kwa karani. Aliliona jina la mkwewe, hasira za asubuhi zikampanda, akabonyeza msimbo wake wa siku zote bila kusoma. Chumba cha picha hufuata msimbo tu. Mwenye mguu mmoja uliovimba hutangulizwa, maana huenda damu imeganda. Mwenye yote miwili hupangiwa siku nyingine.

Mkewe alimfuata dirishani. "Wanasema turudi wiki ijayo! Hebu angalia ulichoandika."

"Foleni ni foleni. Kwani mimi ndiye niliyemvimbisha?"

Walirudi nyumbani. Jioni ile damu iliyoganda ilipanda mapafuni, na mama akakata roho mikononi mwa bintiye.

Daktari alipokuja kutoa pole, aliuliza mbele ya wafiwa kwa nini picha haikupigwa. Karani akajibu kwamba msimbo ulionyesha miguu yote miwili.

"Sema," mkewe akamwambia. "Mama yangu alivimba miguu mingapi?"

"Mmoja."

"Kumbe ulijua. Toka. Hutamzika mama yangu."

Akatoka, na hakuna aliyemwita arudi.

FUNZO

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kati ya mguu na miguu ipo herufi moja tu, na mama wa watu amepita hapo kwenda kaburini. Wewe unayeandika habari za wagonjwa, soma hadi mwisho, andika kilichopo. Ukichoka, sema umechoka. Ukizembea, usituletee rambirambi, maana wewe ndiye uliyeua.