Wavaaji wa Ghorofa ya Chini

Kifumuzi kilimeza koti la sufu, kikanguruma, na baada ya dakika nne kikatema gauni. Hakikuongezwa hata uzi mmoja mpya. Mikono yake mia mbili ya chuma ilifumua koti, ikazisafisha nyuzi na kuzifuma upya. Katika Morogoro ya mwaka 2094, hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya mavazi ya chapuchapu, yale ya kuvaliwa mara mbili na kutupwa, hadi mito ikaziba kwa nguo. Sheria ilikuwa moja: kifumuzi hakipokei vazi ambalo halijavaliwa siku mia tatu.

Basi mabwana na mabibi waliokuwa wakitupa nguo kama maganda ya ndizi wakageuka watakatifu ghafla. Kila mmoja akataka vazi "lililoishi", lililofumwa kwa nyuzi zilizokwisha kuvaliwa. Walilivaa Jumamosi, Jumatatu wakataka jingine. Pupa yao hawakuiacha, waliibadilisha jina tu, na bado wakataka kupongezwa.

Mhandisi Sikudhani Kobelo ndiye aliyebuni kipimauchakavu, kifaa kinachosoma jasho, jua na mikunjo ndani ya kitambaa. Asubuhi ya sherehe ya miaka mitano ya mtambo, kifaa chake kilimwonyesha jambo la ajabu. Magunia yote ya nguo zilizodaiwa kutoka majumbani mwa watu yalikuwa na jasho la watu thelathini tu. Gauni la harusi, suruali ya mlinzi, hata joho la mahafali, vyote vilitoka mwilini mwa mtu mmoja, na kifuani upande wa kushoto vilikuwa na vitundu vya pini.

Sikudhani alijua ni nani huchomeka pini hapo. Ni fundi cherehani, ambaye hata asipokuwa na kazi mkono hausahau. Akafuata magunia yalikotokea, akashuka ghorofa ya chini kabisa hadi kwenye mlango ulioandikwa "Maji Taka".

Ndani, chini ya taa za joto, watu thelathini walikuwa wakitembea juu ya mikanda inayozunguka, kila mmoja amevaa nguo saba kwa mpigo. Wa tatu alikuwa Fundi Ngwali, aliyemfundisha kugeuza kola ya shati alipokuwa msichana wa shule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Usinisimamishe, nitakatwa mshahara."

"Mnafanya nini huku?"

"Tunazeesha. Nguo mpya ikikaa kwetu siku tisa inatoka na umri wa mwaka mzima. Kuukuu ziliisha zamani mjini, hukujua? Zitatoka wapi, na hao wakubwa wako hawavai nguo mpaka ichakae?"

"Leo hii nautangazia mji mzima."

Fundi alicheka bila furaha. "Mashine yenu ilishanitoa kibarazani nilikokuwa nashonea. Nyumbani wanadhani bado nashona. Nisitiri, mwanangu."

"Sitakutaja, fundi. Wakishajua tu, wataona haya, watawaacha mrudi kazini kwenu."

Aibu! Mwanamke aliyesoma kiasi kile, na bado aliamini ipo.

Ukumbini kwenye sherehe, mke wa mkurugenzi wa mtambo alikuwa akijizungusha katika gauni lake. Sikudhani alichukua kipaza sauti, akalielekezea kifaa chake.

"Gauni hili lilivaliwa na mzee, juu ya nguo nyingine sita, akitembea asifike popote. Yuko chini ya miguu yenu sasa hivi."

Wageni wakatazama sakafu. Kisha yule mama akajifuta chozi. "Jamani, ndiyo maana nilihisi uzito wake! Naweza kumwona?"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mkurugenzi, ambaye hakuwa na akili nyingi ila ya biashara, akatabasamu.

Wiki iliyofuata ukuta wa ghorofa ya chini ulibomolewa, kikawekwa kioo kuelekea barabarani, ili kila mteja ajichagulie mvaaji wake. Fundi Ngwali, mvaaji wa lile gauni, aliwekwa mbele, na jina lake likaandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu.

Siku ya tatu mkewe, akitoka sokoni, alisimama nje ya kioo na kikapu chake. Fundi alimwona. Akainua mkono ajifunike uso, lakini kwa mikono saba ya makoti aliyovishwa, kiwiko hakikukunjika.