Hatim Bado Yuko Angani

"Bado yuko angani huyo mwanangu?" Mama Mehrunissa aliuliza kutoka kwenye msala, tasbihi mkononi.

"Bado, Mama. Simu yake imezimwa," akajibu bintiye, Nilofer.

Hiyo ndiyo desturi ya nyumba yao, Chumbageni huku bara, juu ya duka la vitambaa: mtu wao akipanda ndege, Mama hainuki kwenye msala mpaka msafiri apige simu kuwa ametua. Na mtu wao apandaye ndege ni mmoja tu, Hatim, mchumba wa Nilofer, fundi majenereta wa Pemba. Kila Ijumaa huruka kwenda Unguja, eti kikazi. Alisema safari huchukua saa mbili na nusu, kindege chenyewe kinatambaa kama konokono. Wakaamini. Anayependa hapimi masafa. Harusi ilikuwa mwezi ujao, na magoti ya Mama yalishaanza kulia kama bawaba.

Simu ikaita. Idarusi, mteja wao wa Wete.

"Dada Nilofer, zile khanga nitumie Unguja. Niko huku."

"Umefika lini?"

"Leo hii, ndege moja na shemeji Hatim. Kakaa mbele yangu, anakoroma njia nzima."

"Kwani mmeshatua?"

"Zamani. Pemba na Unguja kilomita mia na ushei, dada, nusu saa tu. Hujamaliza kufunga mkanda, unaambiwa fungua. Hapa niko bakuli la pili la urojo."

Nilofer akatafuta kiti.

"Na Hatim yuko wapi?"

Idarusi akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Sema, kaka'angu."

"Kapokewa na mkewe. Mtoto kamrukia, 'Baba, Baba.' Mie nilidhani unajua. Mke wa pili si haramu, dada."

"Na uongo je?"

Idarusi akarudia habari ya khanga, akaaga. Baadaye sana ukaingia ujumbe: "Nimetua salama laazizi, alhamdulillahi. Mwambie Mama ainuke."

Nilofer akatoka barazani, akapiga.

"Pole na safari. Mawingu yalikuwaje?"

"Mazito, mpenzi. Tumezunguka sana."

"Mtoto wako anaitwa nani, Hatim?"

Sauti ya Hatim ikashuka.

"Inara. Nilitaka nikwambie baada ya harusi."

"Ili iwe zawadi yangu ya fungate?"

"Nilofer, nisikilize."

"Mimi ungenidanganya, nina miguu ya kusimama. Mama yangu umemkalisha chini kila Ijumaa, na magoti yale, ili wewe upate faragha na mkeo."

"Nisamehe."

"Posa yako itarudi na boti. Usiifuate kwa ndege. Nyumba hii haina tena wa kukuombea."

Akakata. Akarudi ndani, akamshika mamake kwapani kumwinua. Magoti yalikataa mara ya kwanza, ya pili yakakubali kwa shingo upande.

"Ametua?"

"Ametua, Mama. Dua yako imepokelewa."

Mama Mehrunissa akamtazama usoni.

"Sasa unalia nini, na mtu kafika salama?"