Hajafika Maji

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalitupata sisi, kwetu Endarasha, na kisima chenyewe kipo hadi leo.

Baba yangu, Mzee Wamae, alichimba visima Kieni nzima kwa sururu na koleo. Kifua kilipomkatalia, akamtwika kazi ndugu yangu Kingori, ambaye tayari alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu. Hakumwuliza. Kila Jumapili nje ya kanisa alijigamba, "Huyu kijana yangu atanishinda!" Kingori aliangalia viatu vyake tu.

Wachimbaji walikuwa na sheria zao. Ukiwa chini, ukivuta kamba mara moja, ndoo ya udongo ipandishwe. Ukivuta mara mbili, upandishwe wewe. Na aliyekuteremsha ndiye anayekupandisha, si mtu mwingine.

Agosti 1996 walikuwa wakichimba kisima chetu wenyewe, nyuma ya zizi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri. Baba alikuwa amealika wazee wawili kutoka Mweiga waje kumtazama mwanawe. Kingori akaomba mshumaa. Huteremshwa kwanza ukiwaka. Ukizimika, ujue hewa ya huko chini ni mbaya.

"Ati mtoto ya Wamae anaogopa hewa?" Baba akauliza, na wazee wakacheka.

Kingori akashuka bila mshumaa, Baba akimteremsha kwa kamba. Punde kamba ikavutwa mara mbili. Niliiona kwa macho yangu.

"Baba, mpandishe!"

"Wacha, Wangechi. Hajafika maji."

Kamba haikuvutwa tena. Majirani ndio waliomtoa, jioni, kwa ndoano. Baba hakuigusa kamba.

Tulimzika shambani, na kisima tukakifunika kwa mbao na misumari. Siku ya tisa nilienda kukamua nikakuta rundo la udongo mwekundu kando ya kisima. Mbao zilikuwa mahali pake. Hakuna msumari uliokuwa umeng'olewa.

Kesho yake rundo lilikuwa kubwa zaidi. Tulipenyeza kamba na jiwe kati ya mbao, tukapima. Tulikuwa tumekiacha kikiwa futi arobaini. Sasa kilikuwa arobaini na tatu.

Mama alilia. Baba alitabasamu, na tabasamu lile sijamsamehe.

Aliziondoa mbao, akaleta kigoda chake, akaketi pale kila siku kutoka asubuhi. Aliteremsha ndoo tupu. Ilipanda imejaa. Akaanza kuwaita wapita njia. "Mnaona? Hata kifo haijamsimamisha!" Walikimbia. Hata pasta wetu hakurudi tena kwetu.

Siku moja nilipiga magoti kando ya kigoda chake. Nilinong'ona, maana sikutaka wa chini asikie.

"Baba, akivuta mara mbili, umpandishe. Tafadhali."

"Huvuta."

"Lini?"

"Kila siku."

"Na wewe?"

Aliipapasa kamba pole pole, jinsi mtu anavyompapasa ndama.

"Bado hajafika maji."

Niliondoka pale. Nilimchukia baba yangu.

Alikufa 1998, mvua kubwa zilipoisha. Tulimzika na kofia yake ya kahawia. Mimi mwenyewe ndiye niliyemvika, nikaona jeneza likipigiliwa misumari.

Siku iliyofuata, mchana, nilienda kuikata ile kamba niichome. Ndoo ilikuwa chini.

Kamba ikavutwa. Mara moja.

Sijui kwa nini niliivuta. Ndoo ilikuwa nzito. Ilikuwa imejaa udongo mkavu, vumbi tupu, futi zote hizo na hakuna hata tone la maji.

Juu ya udongo ilikuwapo kofia ya kahawia.

Ndoo ikaniponyoka, ikaanguka. Sikusikia ikigonga chini. Nilisubiri. Kisha kamba ikavutwa.

Mara mbili.

Niliita jina la Kingori. Nikavuta. Nilivuta hadi viganja vikachubuka, hadi mama akaja kuniondoa pale kwa nguvu. Haikusogea hata inchi moja. Si mimi niliyemteremsha.