Ratili Mia na Tisini za Tela Tupu

"Nani huyo umemwacha nyuma?"

Bi Verna, mpimaji wa mizani ya maghala ya ngano, aliuliza hivyo Jumatatu kupitia kidirisha chake. Tordis Rukstad alidhani anataniwa. Juu ya mizani palikuwa na tela la jeshi alilolinunua mnadani, tupu, limefagiliwa hadi kwenye kona.

Kibati cha kiwandani kwenye ubavu wa tela kilisema ratili 1,340. Mizani ilisema 1,530.

Sasa mwone huyu binti. Kisima cha nyumbani kimekauka, baba yuko kitandani na nyonga iliyovunjika, kondoo mia mbili wanalamba hori kavu. Jirani anawaletea maji ya mapipa, lakini amesema mwisho wake ni Jumatano. Tangi la kubebea maji kwenye tela limeshapatikana, kinachokosekana ni namba ya usajili, na askari wa kaunti naye ameapa kwamba Jumatano ikipita bila namba atalikamata tela. Na Tordis hakuruka sheria hata moja! Amebadilisha taa za volti ishirini na nne ziendane na pikapu, amefunga ndoano nene ya kushika pete ya tela, amepishanisha minyororo ya usalama chini yake. Halafu karani wa usajili anamtazama juu ya miwani.

"Dada, kibati na karatasi ya mizani havipatani. Umeficha nini humo?"

"Hewa. Nimeficha hewa ya Montana. Njoo uikague."

"Kapime tena."

Jumanne akapima tena: 1,530. Karani akasema kapime tena.

Siku hiyo akirudi nyumbani, tela lilianza kuyumba kushoto na kulia. Kila anayevuta tela anajua kuwa mkia ukizidi uzito, pikapu nayo huyumbishwa. Lakini mkia upi, wakati hakuna mzigo? Akapunguza mwendo. Kwenye kioo aliona vumbi tu. Kisha ikaingia harufu ya turubai lililolowa, katika nchi isiyoonja mvua tangu Mei, na nyuma yake, taratibu, kama mtu aliyechoka kukaa, buti likagonga bati mara mbili.

Jumatano saa sita mchana, jua likiwaka utosini, alisimama kando ya barabara akaenda kutazama, akijiambia kwamba ni jiwe, ni bolti iliyolegea, ni chochote kinachoweza kukazwa kwa spana, na pale mwisho kabisa wa tela, juu ya vumbi jipya, akakuta nyayo mbili za buti zilizoelekea barabara alikotoka, na alipokuwa bado anazitazama, visigino vikadidimia polepole, vumbi likatoka pembeni, kama vile mwenye nyayo hizo ameegemea nyuma ili amwone vizuri.

Alifika kwenye mizani. Wakalifungua tela kutoka kwenye pikapu, likabaki peke yake juu ya mizani. 1,530.

"Bi Verna," alinong'ona, "ni jini?"

Bi Verna aliendesha malori ya jeshi miaka ishirini. Alijibu bila kutazama nje. "Wewe mwite jini. Sisi tulimwita mlinzi wa mkia. Msafarani kuna anayekaa nyuma kulinda njia iliyopitwa. Hashuki mpaka aamriwe. Huyu naona hakuna aliyemwamuru."

"Kwa hiyo wameniuzia tela na mtu ndani?"

"Mnadani kitu huuzwa kama kilivyo, binti."

Bi Verna akatoka, akanyoosha mgongo. "Mlinzi! Zamu imekwisha. Shuka!"

Mizani haikutikisika. "Shuka!" Wapi. Ndipo hasira za siku tatu zikampanda Tordis: hori, karani, nyonga ya baba, vyote.

"Basi kama hushuki, sogea mbele! Utanipindua, mshenzi wewe! Mbele!"

Bati likalia. Hatua moja, ya pili, ya tatu, kuelekea mbele. Springi za pikapu iliyokuwa mbele, nje ya mizani, zikaguna kama mtu amepanda. Mizani ikasoma 1,340.

Bi Verna alirudi kidirishani, akatoa karatasi. "Chukua. Ofisi inafungwa saa kumi na moja."

Tordis alifunga tela, akapishanisha minyororo, akajaribu taa. Zikawaka zote. Karatasi mfukoni, tangi lingejazwa kabla jua halijazama. Akawasha gari.

Ti. Ti. Ti.

Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi: abiria hajafunga mkanda. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, ila ngozi yake ilikuwa imebonyea, na harufu ya turubai bichi ilijaa hadi kooni. Mkono wake ukaenda kwenye kitasa cha mlango. Akawaona kondoo akilini, wakilamba hori kavu. Akaliona, kule mbele, gari la askari wa kaunti, limeegeshwa njia panda.

Akaurudisha mkono kwenye usukani.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, macho mbele, "naomba ufunge mkanda."