Aproni ya Kijani Kwenye Nguzo ya Steji

Kaeni chini mnisikize, nyinyi wazazi wa Karagita, na nyinyi wa kule Ndabibi mnaojidai mambo haya hayawahusu. Nitawasimulia habari za Wawira na mtoto wake Abby, na atakayekasirika akasirike. Mimi mwenyewe hasira yangu haijaisha.

Asubuhi za ploti yao ya vyumba vya kupanga zilikuwa na raha yake. Jua halijachomoza vizuri, uani tayari kumejaa moshi wa majiko ya makaa, redio ya mtu inaimba nyimbo za kanisa, na akina mama wanawapaka watoto mafuta usoni hadi wanang'aa. Wawira alikuwa na mtoto mmoja tu, Abby, wa miaka saba. Akishamfunga vifungo vya sweta humzungusha kama fundi anayekagua nguo, kisha husema, "Haya, nenda ukawaonyeshe." Abby hucheka na kutoka mbio, mkoba unamdunda mgongoni.

Lakini kazi ya maua haingoji mtu. Gari la shamba liliwabeba akina mama mapema, na basi la shule likaja baadaye sana. Sasa katikati hapo watoto wabaki na nani? Akina mama wa ploti wakajipangia. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kupumzika kwa wiki, na siku yako ya kupumzika ndiyo zamu yako ya steji, kituo cha basi. Unavaa aproni ya kijani ya shambani, iliyochakaa, waliyoitenga kwa kazi hiyo, unakaa na watoto kando ya barabara karibu na poshomili, kinu cha unga. Kipngeno, dereva wa basi la shule, akiiona aproni anajua mtu mzima yupo. Basi anasimama ng'ambo ya barabara, anapiga honi, na mwenye aproni anawavusha watoto akiwa amewashika mikono. Asipoiona aproni, anageuza gari mpaka upande wa watoto.

Ulikuwa mpango mzuri, nausifu hata leo. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: aproni haina macho.

Ikafika Februari, wakati dunia nzima inataka waridi na akina mama wetu wanakata maua mpaka vidole vinavimba. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Nekoye. Nekoye aliishi mlango unaotazamana na wa Wawira. Walikuwa wakiazimana chumvi, wakisukana nywele Jumapili, na Micah, mtoto wa Nekoye, alikuwa amejifunzia kutembea kwenye sakafu ya Wawira. Nekoye alikaa na watoto steji kidogo. Halafu akasikia sokoni kunafunguliwa mtumba mpya wa nguo za watoto. Mnajua wenyewe: anayefika kwanza ndiye huchagua zile safi, zile wanaita kamera. Anayechelewa huokota matambara. Nekoye akavua aproni, akaitundika kwenye nguzo ya steji ili asionekane sokoni na nguo ya zamu, akawaambia watoto, "Msitoke hapo, narudi saa hii."

Kipngeno akaja. Akaona kijani kwenye nguzo. Hata hakukodoa macho kuona kama ndani ya ile kijani kuna mtu! Akasimama ng'ambo, akapiga honi. Watoto wakaisikia honi yao, na Abby, ambaye alipenda kukaa kiti cha mbele, akatangulia. Bodaboda iliyokuwa ikilipita basi ikamgonga, ikamvunja paja.

Wawira aliitwa kutoka shambani. Alipofika steji, Abby alikuwa ameshapelekwa hospitali. Aliyebaki ni Valarie, msichana wa kibanda cha chai na mandazi, na ile aproni kwenye nguzo.

"Nani alikuwa zamu?" Wawira akauliza.

Valarie akatazama chini. "Ni Mama Micah. Alikuwa ameenda soko, mathe. Mtumba ilikuwa inafunguliwa."

Jioni hiyo Nekoye alikuja mlangoni na chupa ya uji. Hakuthubutu kuingia. Alipiga magoti pale kizingitini, akalia.

"Mama Abby, nisamehe. Nilienda dakika kidogo tu."

"Dakika kidogo," Wawira akasema. "Ulipata nguo?"

Nekoye akaisukuma chupa ya uji mbele yake.

"Nakuuliza, ulipata nguo? Ilikuwa nzuri? Mvalishe mtoto wako nimwone."

Akaubamiza mlango. Wiki chache baadaye mchungaji aliwakutanisha, na Wawira akautoa mkono wake ukashikwa na mkono wa Nekoye mbele ya watu wote. Kanisa likapiga makofi. Mkono aliutoa kweli, lakini moyo hakuutoa.

Acheni niwaambie kinyongo kinavyolelewa. Abby alilala na plasta kuanzia kiunoni, akapigwa na joto, akajikuna mpaka akalia. Kila alipolia, Wawira alitazama ng'ambo ya ua, kwenye kamba ya Nekoye, palipoanikwa sweta ndogo ya bluu. Sweta hiyo ilitoka sokoni siku ileile. Wawira alijua. Alikuwa akifua, akipika, akimgeuza mtoto kitandani, na moyoni akisema neno moja tu: itafika. Siku yako, Nekoye, itafika na wewe ulie mpaka ukauke. Alipokutana naye bombani alimwamkia vizuri, akacheka naye. Watu wa ploti wakasema, jamani, Mama Abby ana roho ya dhahabu.

Roho ya dhahabu! Laiti wangejua.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, Abby alikuwa ametolewa plasta na anatembea kwa magongo. Daktari alisema mfupa umeshika lakini bado ni mchanga, asikimbie wala kuanguka, angoje kidogo kabla ya kurudi shule. Muhula huohuo Micah alianza shule ya chekechea. Alikuwa mdogo kuliko wote pale steji. Mkoba wake ulimfika kwenye magoti.

Wawira akamfuata Nekoye mwenyewe. "Mama Micah, wiki hii niko ofu Jumanne. Niandikie zamu. Nimekaa nje ya zamu muda mrefu."

Nekoye akamshika mikono yote miwili, machozi yakamlenga. "Mungu akubariki. Nilikuwa naogopa kumwacha huyu. Lakini ukiwa wewe, siogopi."

"Nenda kazi, dada. Usiwe na wasiwasi."

Mpango wake aliupanga vizuri. Hakutaka Micah agongwe, hilo alijiambia mara nyingi. Alitaka tu mtoto aachwe. Wakubwa wavuke wenyewe, Micah aogope kuvuka, basi la shule liondoke bila yeye, abaki analia barabarani, mwalimu apige simu shambani kuuliza Micah yuko wapi, na Nekoye atoke kwenye maua mbio, kifua kinapasuka, asijue kama atamkuta mzima. Aonje. Hata kwa asubuhi moja tu, aonje. Naomba mnisikize hapa, kwa sababu wengi wenu mmewahi kupanga hivi na mkajiita watu wazuri.

Jumanne ikafika. Wawira akawapanga watoto kando ya barabara, akavua aproni, akaitundika kwenye nguzo ileile. Akaenda kukaa nyuma ya kibanda cha Valarie, mahali asipoiona barabara.

Valarie akamtazama. "Mathe, si leo ni zamu yako?"

"Nipe chai."

"Na watoto je?"

"Nimesema nipe chai, Valarie."

Valarie akamimina chai. Nawe Valarie, miguu yako ilikuwa mizima! Ungeruka hatua chache tu ukawashika wale watoto. Lakini ulinyamaza kwa sababu hawakuwa wako.

Kipngeno akaja. Akaona kijani. Ndiyo, yuleyule Kipngeno, na wala msiniulize alikuwa amejifunza nini, maana kwa miezi yote ile akina mama walisimama pale wenyewe na yeye akarudia uvivu wake. Akasimama ng'ambo, akapiga honi. Wakubwa wakatazama huku na huku, wakashikana mikono, wakavuka. Micah kiatu chake kilikuwa kimemtoka mguuni. Akainama kukivaa. Alipoinuka alikuta wenzake wote wako ng'ambo, honi inalia tena, na hakuna mtu wa kumshika.

Abby alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa ploti, mahali mama yake alimwacha aote jua. Kutoka pale steji iko hatua chache tu, inaonekana yote. Aliiona aproni. Alitafuta mtu mzima ndani yake, hakumwona. Aliita, "Mama!" Wawira alisikia? Mimi naamini alisikia, akadhani mtoto anataka maji.

Micah akashuka barabarani. Lori la maua lilikuwa linakuja kutoka upande wa ziwa, limeshika mwendo.

Abby hakungoja. Aliondoka na magongo yake, kisha akayatupa kwa sababu yalimchelewesha, akakimbia kwa ule mguu mchanga, akaukamata mkoba wa Micah na kumvuta kwa uzito wake wote. Lori likapita kwa kelele na upepo. Watoto wawili wakaangukia mtaroni, Micah juu, Abby chini.

Kelele ikapanda, "Mtoto! Mtoto wa steji!"

Wawira aliisikia akiwa na kikombe mkononi. Nitasema ukweli hata kama unachukiza: alifurahi. Kwa kitambo kidogo, kabla hajainuka, moyo wake ulisema, haya basi, Nekoye. Kisha akatembea kwenda kuangalia. Alitembea, hakukimbia. Na kitu cha kwanza alichokiona barabarani kilikuwa gongo la Abby.

Hapo akakimbia.

Micah alikuwa amesimama mtaroni akilia, mzima, kiatu kimoja mguuni. Abby alikuwa amelala, uso umekuwa wa kijivu, mguu umekunjika mahali palepale ulipovunjikia mara ya kwanza. Wawira akapiga magoti, akataka kumgusa, asijue aguse wapi.

"Mama," Abby akasema, "nilikuita."

"Niko hapa, mama yangu. Niko hapa."

"Aproni ilikuwa hapo lakini hakukuwa na mtu. Leo ni zamu ya nani?"

Wawira aligeuka akaitazama ile aproni kwenye nguzo. Watu wote waliokuwa wamezunguka walimtazama yeye, maana walijua zamu ilikuwa ya nani.

Nekoye aliwakuta hospitalini. Alikuja na buti zake za shambani na kofia ya wavu kichwani. Alimkagua Micah kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, akamweka chini, akamgeukia Wawira. Valarie alikuwa amemwambia yote.

"Mimi wako nilimwacha kwa upumbavu," Nekoye akasema. "Nilipiga magoti mlangoni kwako, na ningepiga mpaka nife. Wewe wangu umemwacha kwa kupanga. Uliniambia nisiwe na wasiwasi. Uliniita dada."

"Nilitaka uone vile nilihisi."

"Nimeona. Umefurahi?"

Wawira akainamisha kichwa.

"Sikusamehe," Nekoye akasema. "Usinijie mlangoni na uji. Mchungaji akituita sitatoa mkono. Lakini Abby ni mtoto wangu kuanzia leo, na hutaniweza juu ya hilo."

Na hakuwa anatania. Abby alipotoka hospitali na plasta nyingine, Nekoye ndiye aliyembeba mgongoni kila siku ya kliniki. Alimletea ndizi, akamwosha, akamfundisha nyimbo za kwao Bungoma. Alipita mbele ya Wawira bila kumwamkia, akiwa amembeba mtoto wa Wawira. Abby alipouliza kwa nini Mama na Mama Micah hawaongei, Nekoye alimwanzishia wimbo mwingine. Wawira alikaa mlangoni akitazama. Alikuwa ametaka kumwadhibu mwenzake kupitia mtoto, na sasa kila alichotendewa mtoto wake kwa upendo kilimchoma. Abby anatembea leo, lakini mguu mmoja umebaki mfupi. Unaweza kumtambua kutoka mbali kwa jinsi anavyochechemea akienda steji.

FUNZO

Mmesikia. Sasa msiniambie ni mambo ya Mungu, Mungu hakutundika aproni.

Mtoto mdogo akiwa steji anahitaji mtu mzima wa nyama na damu, mwenye macho barabarani na mikono ya kumshika. Kama ni zamu yako, mtumba utafunguliwa siku nyingine, na chai itapashwa moto. Nawe dereva, ukisimama ng'ambo na kuwapigia watoto honi wakufuate, hufai kushika usukani. Geuza gari. Fika upande wao, umwone mtu mzima kwa macho yako ndipo uufungue mlango. Nanyi mnaouza pale kando mkanyamaza, damu ya mtoto wa jirani haiulizi ni ya nani kabla ya kumwagika mbele ya kibanda chako.

Na wewe uliyekosewa, unayelea hasira yako mpaka ikaota meno, hasira hiyo ni haki yako. Mpeleke aliyekukosea kwa chifu, mpigie kelele mbele ya kanisa, mnyime chumvi maisha yako yote. Lakini mtoto wake usimguse, hata kwa kumwacha tu. Barabara haijui ni nani uliyemkusudia.

Kesho asubuhi honi italia tena pale poshomili. Kabla haijalia, mjiulize alivyouliza Abby akiwa mtaroni: leo ni zamu ya nani?