Mkwe Mwenye Sukari

"Nasiha, wanisikia? Mpishi auliza, biriani ya mbuzi au ya kuku?"

"Yoyote."

"Yoyote vipi? Arusi ni yako pia."

"Ya mbuzi, basi."

"Mbona sauti yako iko hivyo? Uko wapi?"

"Njiani," Nasiha alimjibu Taib, mchumba wake, akakata simu.

Hakuwa njiani. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta wa kliniki, mkononi ana mfuko mdogo wa vidonge. Punde tu daktari, mama mmoja mpole, alikuwa amemweleza kwamba kiu isiyokatika, kwenda msalani kila mara na macho kuona ukungu, vyote vilikuwa na jina moja: kisukari, aina ya pili. Akamweleza habari za chakula, za kutembea, za vidonge vya kumeza kila siku pamoja na mlo.

"Watu huishi nacho mpaka uzeeni," daktari alisema. "Una swali?"

Nasiha alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa maneno mengi. Akatikisa kichwa. Hakuwa na swali. Hakuwa na chochote.

Babake alikufa kwa ugonjwa huohuo, baada ya kukatwa mguu. Nasiha alikua akimwona mamake akimwinua kitandani kila asubuhi na kumkalisha kitini. Sasa alijiona yeye ndiye anayeinuliwa, na anayeinua ni Taib. Hata hilo halikumuuma. Aliliona tu, kama mtu atazamaye mvua inayonyesha mtaa wa pili.

Jioni, kwao Ganjoni, alimwandikia:

"Taib, tuivunje hii arusi. Huna kosa lolote. Tafadhali usinipigie."

Majibu yakaja mbiombio.

"Ni mzaha?"

"Nasiha?"

"Naja."

Taib alikuwa fundi wa friji, na karakana yake ilikuwa Makadara. Alifika na shati la kazi, mikono bado ina grisi, akamkuta Nasiha mlangoni.

"Kuna mwanamume mwingine?"

"Hakuna."

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Basi nitukane! Piga kelele! Wasimama hapo kama mtu asiyenijua!"

"Nina sukari, Taib. Leo ndiyo nimepimwa."

Taib akamtazama, kisha akacheka. Alicheka kweli, mkono ukutani.

"Wallahi nilidhani una mtu!"

"Umemaliza kucheka?"

Kicheko kikakatika.

"Nisamehe. Moyo ulikuwa juu juu. Lakini ndilo la kuvunjia arusi hilo?"

"Wewe hukumwona babangu. Hukumwona mamangu akimbeba."

"Babako alikuwa akimeza dawa?"

"Akimeza akitaka, akiacha akitaka."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshameza cha leo."

"Basi wewe si babako. Mimi sikuachi, Nasiha. Kama wanichukia, sema wanichukia."

"Sikuchukii," alisema, kwa sauti ileile ya kuagiza biriani. "Kamwambie mamako. Yeye akikubali, tutazungumza."

Mamake Taib, Bi Mejumaa, alikuwa mjane, na mtoto wake ni huyo mmoja. Taib alimkuta nyumbani Kibokoni akikata vitunguu.

"Mama, Nasiha amepatikana na sukari."

Kisu kikasimama.

"Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi arusi hakuna."

"Mama!"

"Wanawake wamejaa Mombasa hii. Sikukulea uwe muuguzi. Na watoto je?"

"Wenye sukari huzaa, mama, wakiangaliwa vizuri."

"Na wewe ndiye wa kukesha ukimwangalia!"

"Kama ungekuwa nayo wewe, baba angekuacha?"

Bi Mejumaa aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Taib akaandika: "Mama amekataa. Nipe muda nizungumze naye."

Nasiha akajibu: "Sawa."

Siku zikapita hivyo. Aliwaimbisha watoto shuleni, akameza vidonge, akala samaki wa kuchemsha na mboga alivyopikiwa na mamake, ambaye sasa alijua na alikuwa akilia jikoni.

"Lia nawe mwanangu, likutoke."

"Hakuna la kutoka, mama."

Taib aliandika kila siku. Kila siku alijibiwa sawa. Mwisho akaandika: "Hii sawa yako yaniogopesha."

Ijumaa moja, baada ya alasiri, mlango ukabishwa. Nasiha alikuwa peke yake. Alipofungua, alimkuta Bi Mejumaa ndani ya buibui, anahema kwa ngazi.

"Masalkheri, mwanangu."

"Akheri, mama. Karibu ndani. Nikuletee sharubati?"

"Maji."

Alipomaliza kunywa, Nasiha akamtangulia kusema.

"Mama, kama umekuja kunikataza, usijisumbue. Pete yenu nitairudisha."

"Sikuja kwa pete. Wapewa vidonge gani?"

Nasiha akavileta. Bi Mejumaa akafungua mkoba wake, akatoa vyake, akaviweka mezani kando ya vile. Vilikuwa namna moja.

"Vya nani hivi, mama?"

"Vyangu. Tangu Taib yuko shule ya msingi."

"Taib hakuniambia."

"Taib hajui. Hata marehemu babake amekufa hajui. Mimi humeza jikoni, watu wakiwa msikitini."

"Kwa nini?"

Bi Mejumaa alilikunja shungi la buibui lake, akalikunjua.

"Kulikuwa na jirani yetu. Alipopata sukari, mumewe akaoa mke wa pili. Marehemu akasema, 'Mimi simlaumu.' Alisema tu, huku anakula. Nami wiki ileile ndiyo nilikuwa nimepimwa. Nikanyamaza. Kunyamaza kukawa mazoea."

"Na mimi ukanikataa."

"Niliogopa. Mgonjwa humjua mgonjwa mwenziwe. Ungeingia nyumbani kwangu, ungenijua kwa namna ninavyokunywa maji tu. Ungemwambia mwanangu mamake ni mwongo."

Nasiha alingoja hasira ije. Haikuja.

"Utamwambia lini?"

"Leo, nikirudi. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Lakini mimi sitaficha, mama. Nikiulizwa, nitasema, hata mbele za watu. Kama nyumba yenu haiwezi hilo, bora arusi isiwe."

Bi Mejumaa akavirudisha vidonge vyake mkobani, kimoja baada ya kimoja.

"Mimi sijui kama nitaweza," alisema. "Lakini wewe njoo."

Usiku ulipoingia, Taib alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Ameniambia. Miaka yote hiyo, Nasiha! Alikuwa akiogopa peke yake."

"Najua."

"Na wewe, wanipenda?"

"Najua kuwa nakupenda. Kulisikia moyoni ndiko bado. Ni kama nimefungwa pamba mwili mzima."

"Nitangoja. Lakini ningoje kama mchumba au kama mume?"

Nasiha aliizungusha pete kidoleni.

"Kama mume."

Nikaha ilisomwa msikitini Kibokoni. Habari zilipofika nyumbani kwamba imekwisha, wanawake walipiga vigelegele hadi barazani. Nasiha alikaa amepambwa, akitabasamu kila alipoambiwa atabasamu. Sinia za halua zikapitishwa. Yeye akakataa. Bi Mejumaa naye akakataa.

Wifi ya Bi Mejumaa, dadake marehemu, akaweka mikono kiunoni.

"Ala! Halua ya mwanao huili? Na biarusi naye hali. Mna nini nyinyi?"

Wanawake wakageuka. Nasiha akafungua kinywa, lakini mkwewe akamuwahi.

"Mimi nina sukari," alisema Bi Mejumaa kwa sauti ya juu. "Miaka mingi. Ndugu yako amekufa hajui, Mungu amrehemu. Na mkwe wangu anayo pia. Tuleteeni kahawa tupu."

Bi Mejumaa akapita katikati yao, akaketi kando ya biarusi na kumshika mkono.

"Nimesema?" alinong'ona.

"Umesema, mama."

Mkono wa mama yule ulikuwa baridi, umelowa jasho. Nasiha aliusikia. Alisikia baridi yake na woga wake wote, na machozi yakaanza kumtoka kwa kasi ambayo hakuweza kuizuia.

"Wanja!" akapiga kelele mpambaji. "Biarusi, wanja utaharibika!"

"Mwache," alisema Bi Mejumaa. "Na uharibike."